"We are looking into it": hawa watu wanachunguza kweli ao wananifukuza kwa heshima?

#1 Fundi_Birere (Goma)
Salamu wakubwa kwa wadogo. Niko na atelie ya kutengeneza matelefone hapa Birere. Mwezi uliopita nilikomanda skrini 40 kwa wafanyabiashara fulani wa Dubai, koli ikapitia Kampala ikafika, nikaifungua mbele ya petit wangu, tukahesabu mara tatu: 34. Sita haziko. Nikawaandikia kwa Kiingereza changu cha kukokota, wakanijibu siku ile ile "We are looking into it". Njo nikafurahi, nikasema hawa ni watu. Leo ni siku ya 19. Kila nikiandika jibu ni lile lile, hata koma hawajaongeza. Nikaweka mu telefone initafsirie, ikaniambia "tunaangalia ndani yake". Ndani ya nini? Koli iko kwangu, vyenye vilikuwa ndani nimeshavitoa mimi mwenyewe! Wenye kujua munisaidie, hii look into maana yake kamili ni nini?

#2 Petit_Ndosho
Yaya Fundi, wanaangalia ndani ya mifuko yao kama zile sita zilibakia humo 😂

#3 Dada_Nyawera (Bukavu)
Look into ni kutafuta. Wanazitafuta skrini zako, vumilia kidogo.

#4 Mwalimu_Himbi (Goma)
Dada Nyawera, samahani, hapo umeteleza. Kutafuta ni look for. Nimefundisha Kiingereza lisee miaka mingi na hii look imenitoa jasho kuliko kitenzi chochote, maana peke yake ni kuangalia tu, lakini ukiipachika kaneno kadogo nyuma inageuka mtu mwingine. Look for, unatafuta kitu. Look after, unatunza, mtoto ao mgonjwa ao duka la mwenzio. Look over, unapitia karatasi harakaharaka. Look up, unatafuta habari mahali imeandikwa, mfano neno mu kamusi ao namba mu orodha. Look into, ni kuchunguza jambo: nini kilitokea, kwa nini, nani anahusika. Kwa hiyo hawatafuti skrini, wanachunguza *habari* ya skrini. Ni tofauti kubwa. Mtu anaweza kuchunguza habari ya ng'ombe aliyepotea na asitoke hata nje ya nyumba.

Na angalia kitu kingine. Look up unaweza kuipasua katikati, look it up, "it" inaingia kati. Look into haipasuki. Ni look into it, mwanafunzi akiandika "look it into" kalamu nyekundu inajiandika yenyewe.

#5 Petit_Ndosho
Mwalimu aksanti ila yaya aliuliza kama atalipwa, wewe umemupa interogasyo ya kesho asubui

#6 Kenya_Soko (Lubumbashi)
Bantu ba Goma musichoke na Kiingereza, kamata Kifaransa. Ile look into njo "se pencher sur la question". Shefu wa serivisi akikwambia "on va se pencher sur votre dossier", wee unajua bintu biko namna gani. Se pencher ni kuinama. Anainama juu ya dosie yako, anainama, anainama, na mwisho analala palepale juu yake.

#7 Fundi_Birere
@Kenya_Soko 😂😂 sasa wewe ndugu uko Kenya si Kiingereza ni cha kuzaliwa nacho? Niambie vile Wakenya wanaisikia.

#8 Kenya_Soko (Lubumbashi)
Hapana Kenya ya Nairobi, Kenya ya Lubumbashi! Komini Kenya, pembeni ya Kamalondo. Kila mwezi mutu mumoja ananiuliza ile swali, mi nimechoka.
Lakini Kiingereza ninakisikia kila siku, mi ni deklara, mutu wa kupitisha mizigo ku dwani, natumika ku mupaka wa Kasumbalesa, upande wa pili ni Zambia. Kamiyo inasimama siku tatu, unauliza ajenti wa kule, anakujibu na ka-smaili "we're looking into it, my brother". Nimejifunza kitu: akisema hivyo na kalamu mukononi, bado kuko matumaini. Akisema hivyo na funguo za motokari mukononi, rudi kulala.

#9 Chukudu_Express (Goma)
Acheni niwapashe, mimi hii look into nimeiona kwa macho. Mbele ya mulipuko wa 2021 nilikuwa nabebea watalii mizigo kwenda Nyiragongo, tunaanzia Kibati asubui, jioni tuko juu kwenye vile vijumba karibu na mdomo wa volkano. Usiku baridi inauma mpaka meno, lakini mbele yako kuna shimo, na chini kabisa ile ziwa ya moto, nyekundu, inapasuka inajifunga tena kama bugali inayochemka, na arufu ya kiberiti inakukamata kooni. Muzungu mumoja akalala kwa tumbo pembeni ya shimo, kichwa kimetoka nje, tunamushika viatu, anatuambia "I want to look into it". Gidi wetu mwenye kujua Kiingereza akacheka sana, nikamuuliza juu ya nini, akasema watu wa obzervatwari ya Goma nao wanalook into the volcano, lakini wao wako mu biro na mashini zao. Maneno ni yale yale. Huyu analala kwa tumbo, wale wanasoma vipimo vya mutetemeko.

Kwa hiyo Fundi, hao watu wako wa Dubai, swali ni moja: wamelala kwa tumbo?

#10 Mwalimu_Himbi
Chukudu umesema kuliko kitabu. Ndivyo, maana ya kwanza ni ya mwili, unaingiza macho ndani ya kitu: shimo, kioo, macho ya mtu. Maana ya uchunguzi imezaliwa humo. Programu ya Fundi ilichukua ile ya mwili ikaacha ya pili.

#11 Kigoma_Mwisho_wa_Reli
Habari zenu majirani wa ng'ambo ya ziwa. Huku kwetu look into ningesema "kufuatilia". "Tunalifuatilia suala lako." Kuchunguza ni kuzito zaidi, kunanukia polisi. Na ukitaka kujua uzito wa neno sikiliza mahakamani, "upelelezi wa kesi hii haujakamilika", kesi inaahirishwa wiki mbili, mnarudi, haujakamilika, wiki mbili tena. Fundi anaomba msamiati tu, lakini sentensi ile ile "bado tunaangalia" ipo kwa kila lugha.

#12 Mama_Furaha (Bukavu, Kadutu)
@Kigoma hilo neno upelelezi mulibakize kwenu. Mimi nimefanya kazi ya anketi, ile ya kupita nyumba kwa nyumba na maswali, watoto wangapi, munachota maji wapi. Siku ya kwanza tulikuwa na kijana aliyesoma Dar, muzuri sana, Kiswahili kinateleza kama mafuta. Anabisha mlango anasema "Shikamoo mama, tumekuja kufanya upelelezi mdogo". Mama akamwangalia kuanzia viatu, akarudisha mlango. Nyumba ya pili vile vile. Ya tatu tulikuta watu wameshaambiana, njia nzima milango imefungwa, paka watoto wanatuchungulia kwa tundu ya bati. Kwetu mupelelezi ni mutu wa kuchukua maneno yako na kuyapeleka pahali. Nikamwambia mutoto wangu, sema anketi, sema tumekuja kuuliza, hilo lingine utatuulisha. Kesho yake milango ikafunguka na mama yule wa kwanza akatupa viti.

Kwa hiyo ukitafsiri look into angalia kwanza uko upande gani wa ziwa.

#13 Kigoma_Mwisho_wa_Reli
😂😂 Pole mama. Shikamoo alijibiwa lakini?

#14 Mama_Furaha
Hata hiyo hakujibiwa. Aliiona kama sehemu ya upelelezi.

#15 Muzee_Dosie (Goma)
Vijana, niliandika maproseveribali, zile raporo za anketi, miaka yangu yote ya kazi mpaka pansyo, niruhusuni. Anketi ya kweli ya polisi kwa Kiingereza ni investigate. Mutu asichanganye. Look into ni kuangaliangalia, kuuliza majirani wawili, kuona kama kuna jambo ao hakuna. Ukikuta jambo, hapo unafungua dosie, hapo ni to investigate into the matter. Na neno lenyewe linatoka kwa invest, kwa sababu unaweka nguvu zako na wakati, kama mutu anayeweka pesa.

#16 Mwalimu_Himbi
Muzee wangu, ngazi ulizopanga ni sahihi kabisa, look into ni nyepesi kuliko investigate. Lakini mambo mawili kwa heshima. Investigate haitaki into nyuma yake, ni investigate the matter basi. Into inarudi ukiifanya nomino, an investigation into the matter. Wanafunzi wangu wote wanaanguka hapo, usione haya.

La pili, invest na investigate hazina udugu wa damu, zinafanana sura tu. Invest inatoka kwa Kilatini vestis, nguo, kuvisha. Investigate inatoka kwa vestigium, alama ya unyayo, yaani kufuata nyayo za mnyama. Kifaransa kimebakiza vestige. Sasa angalia Kiswahili: fuata, fuatia, fuatilia. Mruma wa Kilatini na mwindaji wetu walikuwa mu njia moja. Kwa hiyo Kigoma na "kufuatilia" yake amekaribia mizizi ya investigate kuliko look into 😄

#17 Petit_Ndosho
MRUMA ndo nani tena mwalimu

#18 Mwalimu_Himbi
Mrumi. Kidole kimeteleza. Leo kalamu nyekundu niko nayo mimi.

#19 Muzee_Dosie
Nimepokea somo. Lakini kwa raporo zangu hakuna mutu aliyewahi kunikatia into.

#20 Kenya_Soko (Lubumbashi)
Muzee ziliandikwa Kifaransa 😂

#21 Dada_Nyawera (Bukavu)
Mimi bado siko convaincue. Kama look into ni kuchunguza, mbona naona tangazo "we are looking into buying a generator"? Jenereta imekosa nini mpaka ichunguzwe?

#22 Mwalimu_Himbi
Swali zuri, na hapa nakubali tafsiri ya kuchunguza inachechemea. Look into ikifuatwa na kitenzi chenye -ing mara nyingi ni kufikiria jambo kwa kuulizauliza: bei gani, wapi, inafaa ao haifai. Bado hawajanunua, hawajaamua. Kwa Kiswahili ningesema "tunaangalia uwezekano wa kununua".

#23 Dada_Nyawera
Basi kumbe inaweza kuwa kuchunguza, kufuatilia, kufikiria, kuangalia uwezekano. Neno gani hilo? Bora ningebaki na kutafuta yangu.

#24 Hoteli_ya_Ziwa (Goma)
Afadhali hiyo. Mimi niko risepsyo kwenye hoteli ndogo. Mugeni alifika asubui, nikamwambia kuna pahali pazuri pa kuona ziwa nyuma ya jengo, akaniambia "great, I'll check it out". Nikajua check out, si ndio tunayoandika kila siku mu kitabu? Nikamupigia fakitire, nikatuma mama wa usafi aondoe mashuka, sanduku lake likaletwa mpaka chini. Anarudi kutoka kwa ziwa na picha za samaki mu telefone yake, anakuta sanduku limesimama kwa mlango linamungojea. Nilitaka ardhi inimeze. Kumbe check it out ni kwenda kuona tu kama ni kuzuri, it ikiingia katikati mambo yanageuka. Bosi hadi leo akinipita ananiuliza "umecheck it out?"

#25 Chukudu_Express
Kwa hiyo hiyo it ndiyo inafukuzaga watu hoteli

#26 Hoteli_ya_Ziwa
Kinyume, hiyo it ilitaka abaki!! Mimi sikuisikia

#27 Kamusi_Kichwani
Nimefika nimechelewa, nimesoma yote. Nataka kuongeza kwamba Kiswahili chenyewe kimejaa hizi. Kukagua, kupekua, kudodosa, kuhoji, kuchokonoa, kutupia jicho. Ukidodosa unatumia mdomo, ukipekua unatumia mikono, ukikagua uko na ruhusa, ukichokonoa huna. Kiingereza kinabadilisha kaneno ka nyuma, sisi tunabadilisha neno zima. Na kuchunguza nadhani ni ndugu ya kuchungulia, na vyote vimetoka kwa chungu, kile cha kupikia: unafunua kifuniko unaangalia ndani. Kwa hiyo looking into ni hivyo hivyo!

#28 Kigoma_Mwisho_wa_Reli
Kuchungulia na kuchunguza kuwa ndugu sawa, sikia tu sauti. Ila cha chungu umetupikia wewe. Kwa mtindo huo mwingine atasema kimetoka kwa chungu wale wadudu, ao dawa chungu.

#29 Kamusi_Kichwani
Thibitisha kwamba hakikutoka.

#30 Kigoma_Mwisho_wa_Reli
Aliyeleta chungu ndiye anabeba.

#31 Mama_Furaha
Mimi naona chungu kinakaa. Mutu akifunua chungu changu bila ruhusa najua anachunguza, hakuna haja ya Kilatini.

#32 Kenya_Soko (Lubumbashi)
Na bale ba zamani balisema ukimchunguza sana bata hutamla. Labda ba Dubai banaogopa wakichunguza sana hawatakula 😂

#33 Fundi_Birere
Nimecheka mpaka kliya ameniuliza kama niko muzima. Aksanti kwa wote. Lakini tuache bata. Nikiamini Mwalimu, hawa hawajaniahidi kitu, wamesema wanachunguza. Nikiamini Kenya_Soko, wamelala juu ya dosie. Nikiamini Muzee, hata dosie haijafunguliwa. Sasa niandike nini? Siku ya 20 leo.

#34 Hoteli_ya_Ziwa
Usiulize "any news?", hiyo inawapa nafasi ya kujibu looking into it tena. Wageni wangu wakali wanauliza hivi: *who is looking into it, and when will I get an answer?* Nani, na lini. Ukiuliza nani, mutu anatokea. Kabla ya hapo ni "we" tu, na "we" hana namba ya telefone.

#35 Mwalimu_Himbi
Naunga mkono. Na uombe *find out*. Waambie please find out what happened. Look into ni kazi, haina mwisho wa lazima, unaweza kuifanya miaka kumi na ukawa mkweli kila siku. Find out ni kufika, kujua. Hujafind out mpaka umejua.

#36 Muzee_Dosie
Na uandike namba. Namba ya koli, tarehe, idadi 40, idadi 34. Mutu anayelalamika bila namba nilikuwa namupa kiti tu na maji.

#37 Fundi_Birere
Nimeandika. Nani, lini, find out, na namba zote kama Muzee alisema. Nimeweka tena ile picha ya karatasi iliyobandikwa kwa karatoni. Tungoje.

#38 Petit_Ndosho
We are looking into it 🙏

#39 Kigoma_Mwisho_wa_Reli
Wakati tunangoja, nani anajua sambaza wa Kivu ni bei gani sasa hivi Goma? Huku dagaa wamepanda.

#40 Mama_Furaha
Wakija wengi inashuka, usiku wa mwezi mweupe inapanda juu taa za wavuvi haziwaiti vizuri. Uliza baada ya wiki moja.

#41 Dada_Nyawera (Bukavu)
Na ukipata bei, umeifind out ao umeilook into? 😏

#42 Kigoma_Mwisho_wa_Reli
Nimeidodosa.

#43 Fundi_Birere
Wakubwa, jibu limefika! Na safari hii limeandikwa na mutu mwenye jina. Anasema waliangalia kweli, waliuliza stoku, waliuliza wale wa Kampala, shida ni kwamba karatasi kwenye picha yangu ilikuwa na mwangaza wa flashi, namba nne za mwisho hazisomeki, na kuna karatoni mbili zilitoka siku ile, moja ndogo ya vipande sita labda ilienda kwa kliya mwingine. Kwa hiyo siku zote hizo nilikuwa nawatumia picha ile ile mbaya nao wananijibu sentensi ile ile. Nimeona haya kidogo.

Shida ni kwamba karatoni sina tena. Mama watoto aliipasua akawashia makala kwa mbabula, nimebakia na kipande cha pembeni chenye jina langu nusu.

Na kwa mwisho ameniandikia "please look it up on your receipt". Sasa hii nayo ni nini, niangalie juu ya risiti? Juu kuna jina la duka tu.

#44 Mwalimu_Himbi
Fundi.

#45 Petit_Ndosho
Yaya panda mpaka posti namba 4. Angalia juu.